Mkurugenzi Asiye na Gari

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na maradhi, wajukuu zangu, si homa na kikohozi tu. Aibu nayo ni maradhi, tena mabaya, maana haina panadoli.

Kulikuwa na Mpare mmoja, Fanuel, akikaa Thamesmead, London, ghorofa ya tano, lifti leo nzima kesho mbovu. Alikuwa amejiajiri. Ana gari lake la mizigo, anahamisha watu: vitanda, friji, makochi, hata kuku wa mtu aliwahi kumhamisha. Kanisani wakamwita Mkurugenzi, naye jina likamkaa kama koti la sikukuu.

Mwaka tisini na sita injini ikafa. Akamuuzia gari Kishor, Mhindi wa Tanga mwenye gereji Ilford, akaenda kuajiriwa kuosha masufuria hospitali. Kazi halali, mshahara unakatwa kodi na bima hukohuko. Sasa hapo angemwambia mkewe, yangekwisha. Hakumwambia. Kila alfajiri anatoka anachezesha ufunguo kidoleni. Akiulizwa gari, anasema, "Nalilaza kwa Kishor, hapa wezi wengi."

Kule, mtu aliyejiajiri analipa bima ya taifa kila wiki, na akiacha kazi lazima aandike aseme nimeacha. Usiposema, wao wanahesabu tu. Fanuel Kiingereza cha kuandika hakukijua. Barua zote za nyumba ile aliandika mkewe, Placida, aliyekuwa karani kule Same. Basi ili serikali ijue biashara imekufa, ilibidi Placida ajue kwanza. Fanuel akaona bora kimya. Bahasha za kahawia zikawa zinakuja, anaziwahi mlangoni, anazisukuma nyuma ya kabati.

Na Placida alikuwa na lake. Binti yao, Elieshi, walimwacha Same kwa bibi yake. Sheria ilimruhusu kuwafuata wazazi kabla hajatimiza miaka kumi na nane. Akishatimiza, mlango huo unafungwa. Placida aliogesha wazee wa watu miaka minne, akiweka posta pauni moja moja, mpaka ada ya viza na nauli zikatimia. Walipanga kuomba Januari. Elieshi anatimiza Aprili.

Novemba mwaka tisini na tisa, Fanuel yuko bafuni, mtu akabisha hodi. Placida akafungua, akapewa karatasi, akaingia nayo bafuni. Pauni mia tisa na arobaini za bima, siku kumi na nne, la sivyo mahakamani.

"Baba Elieshi, hii nini?"

"Makosa yao hayo. Achana nayo."

"Makosa yenye jina lako? Haya, twende kwa Kishor tukauze gari, tulipe."

Fanuel akashika taulo kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima.

"Nakuuliza gari."

"Halipo, mama."

"Toka lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Placida akakaa juu ya ndoo. "Miaka mitatu nakufungia chakula cha dereva!"

"Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka siku mbili, Baba Elieshi. Siku ya tatu ningekuandikia barua."

Mahakama ikawatia hofu, wakalipa. Pesa ya Elieshi ikaenda yote. Wakazunguka kanisani kukopa, watu wakaangua kicheko: "Mkurugenzi akope kwetu? Acha utani, Mzee!" Hata Fanuel alipolia, wengine walidhani anaigiza. Huna mtu wa kumlaumu hapo. Walimwamini alivyowaambia mwenyewe.

Kishor alipoombwa ushahidi, akaandika palepale kwenye karatasi ya gereji siku aliyonunua gari. "Bwana Fanuel," akasema, "hii ningekupa siku ileile. Hukuomba." Placida akawaandikia watu wa bima barua, dakika ishirini tu, akaituma. Januari ikapita. Machi ikapita. Aprili Elieshi akatimiza miaka kumi na nane.

Jibu lilikuja Juni. Kweli, walisema, hukuwa unadaiwa. Hundi yako hii hapa, yote. Placida akaitazama ile hundi, akaiweka mezani kifudifudi. Akanunua kadi ya simu, akapiga Same, akampa mumewe.

"Mwambie wewe."

"Shikamoo, baba!" sauti ya Elieshi ikaja. "Viza tayari?"

"Marahaba, mwanangu." Akamwambia. Gari, masufuria, bahasha nyuma ya kabati, yote, mara ya kwanza katika maisha yake bila kuruka kitu. Alipomaliza, akadhani kadi imekwisha.

"Elieshi? Upo?"

"Nipo, baba," akasema. "Nipo hukuhuku Same."

Simu ikakatwa. Ilikatwa kule.

Fanuel alikuwa na ugonjwa mdogo, wa dakika ishirini na kalamu. Akauficha mpaka ukamfungia mlango mtoto wa mkewe, ambaye ni wake pia. Ndiyo hayo: mficha maradhi kifo humuumbua.