Sindano ya Pili

"Ukishika sindano moja, ijue ya pili." Vijana wa chuo cha uuguzi waliusikia msemo huo sokoni, kwa muuza mafuta ya taa, wakamwendea Babu Sangiwa, aliyelinda zahanati moja ya milimani Upare miaka mingi, wamwulize ulikotoka. Akawaambia chanzo chake ni hiki.

Zahanati hiyo ilikuwa na muuguzi aitwaye Nankondo. Alikuwa amechoma sindano miaka ishirini na miwili, na watu walimsifu kwa mkono mwepesi. Asubuhi moja akaja Kiariro, fundi seremala, pamoja na mkewe Namsifu. Mguu wa fundi ulikuwa umevimba kwa kidonda cha msumari. Nankondo akamchoma penisilini bila kumwuliza neno, akageuka kuandika.

"Dada, viganja vinaniwasha," alisema Kiariro.

"Ni woga wa sindano huo. Kunywa maji."

Hayakumezeka. Midomo ilikwisha kuvimba, ngozi imetoka mabaka, na pumzi ikaanza kupiga mluzi kifuani. Mara akateleza kwenye benchi, akaanguka sakafuni.

Nankondo akaitupa kalamu. Akakimbilia kabati. Adrenalini, sindano ya kumwokoa aliyedhuriwa na dawa, ilikuwapo: kichupa kidogo cha kioo ambacho miaka yote alikuwa akikipangusa vumbi tu. Alikumbuka kwamba ni dawa kali, huushtua moyo. Achome kiasi gani? Achome wapi? Hakujua. Akasimama nacho mkononi, na nyuma yake mluzi ule ukazidi kuwa mwembamba.

"Dada, mume wangu anakufa!" Namsifu akapiga yowe. "Mbona umesimama?"

Yowe likamleta tabibu Mjema mbio kutoka chumba cha chanjo.

"Umempa nini?"

"Penisilini."

"Adrenalini je?"

"Ninayo. Naogopa, tabibu. Nikikosea nitamwua."

"Ukingoja ndiyo utamwua. Nusu mililita, msuli wa paja. Choma!"

Nankondo akavunja shingo ya kichupa, akavuta dawa. Akachoma. Mjema akainua miguu ya mgonjwa. Dakika tano zikapita, midomo ya Kiariro ikiwa rangi ya majivu. Wakachoma tena. Ndipo kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda, na fundi akakohoa.

Alipokwisha kupakiwa garini kwenda hospitali, Namsifu alimgeukia Nankondo. Hakufoka.

"Dada, ile ya kwanza ulimchoma bila hata kumtazama. Ya pili ulikuwa nayo mkononi, na huijui. Ukishika sindano moja, ijue ya pili."

Nankondo akarudisha sindano zake kabatini. Siku ile hakuthubutu kumchoma mtu mwingine. Alimfuata Mjema, akamwomba amfundishe kama mwanafunzi. Fundi alipona. Lakini mpaka anastaafu, Nankondo hakumchoma mgonjwa kabla ya kumwuliza dawa zilizowahi kumdhuru, na akishachoma alikaa kando yake, akisikiliza pumzi.

Maneno ya Namsifu yakashuka mlimani. Leo hata anayewasha moto shambani, bila kujua maji yaliko, huambiwa: ukishika sindano moja, ijue ya pili.