Ile Unayoweza Kuiinua

Kishindo kilisikika saa nane za usiku, kizito kama gunia la mahindi limedondoka kutoka darini, kisha kuku wakaanza kelele. Mama mmoja kijana alikurupuka, akamgusa kwanza mtoto kifuani aone kama anapumua, maana siku hizo aliogopa kila kitu, ndipo akachungulia dirishani. Ilikuwa pikipiki yake. Stendi imezama kwenye udongo uliolowa mvua, na pikipiki imelala ubavu juu ya banda la kuku, nyekundu, mpya, haijamaliza wiki.

Wapendwa, ninyi mngefanyaje? Alijifunga kanga, akatoka, akashika usukani akavuta, haikutikisika, akashika kiti akavuta, akateleza yeye. Ikabidi akagonge kwa shemeji yake, mara ya tatu wiki ile. Shemeji akatoka anapiga miayo, akaiinua, akamwuliza, "Shemeji, hii umejinunulia wewe au umeninunulia mimi?" Akacheka, akarudi kulala. Yule mama hakulala.

Sasa niwaambie alivyoipata. Alikuwa mwalimu wa chekechea, shule iko ng'ambo ya kilima, kwa miguu ni saa moja na nusu, mtoto bado ananyonya, asubuhi haitoshi, na mwalimu mkuu alikwisha kumwambia kwa upole, upole ule unaotisha kuliko ukali, kwamba akizidi kuchelewa darasa atapewa mwingine. Ndipo akaamua kununua pikipiki, yeye ambaye hata baiskeli aliiacha darasa la tano. Akajifunza mwezi mzima kwenye uwanja wa mpira kwa pikipiki ndogo ya kuazima, moyo uko mdomoni, akizunguka magoli kama kuku mwenye kamba mguuni, mpaka akaweza.

Dukani alisindikizwa na wenzake wa kikundi cha akina mama, wote sita, hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha, na wote wanajua. Alipoisogelea pikipiki ndogo, kama ile ya kuazima, wakamvuta kanga. Hiyo utaichoka kabla mwezi haujaandama, wakasema, hiyo kilima kitaicheka, chukua kubwa, mwenzetu, utaikulia.

Mnacheka kwa sababu mnajua. Nani kati yetu amewahi kumnunulia mtoto sare inayomtosha? Tunanunua ya miaka miwili mbele, tunakunja mikono, tunapinda upindo, tunasema ataikulia, na mtoto anakwenda shule kama hema linalotembea. Sawa, mtoto hurefuka. Lakini mtu mzima wa miaka ishirini na sita atarefuka aende wapi? Alipoipanda ile kubwa, ni ncha za vidole vya miguu tu zilizogusa chini. Wenzake wakapiga vigelegele, naye akalipa.

Basi asubuhi ile baada ya kishindo akaondoka nayo. Njiani akasimama kupisha ng'ombe, kidole kikateleza, pikipiki ikalala. Hakuumia. Lakini barabarani hakuna mtu, ni yeye na ng'ombe tu, nao hawana msaada, wanamtazama wakitafuna. Akasimama kando ya mali yake, mpya, inayong'aa, amevaa na helmeti, mpaka wakatokea wanaume watatu wanaokwenda mnadani. Alipofika shuleni, mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa mbele ya watoto, anawaimbisha wimbo wa kuhesabu, bila furaha. Akamwambia neno moja tu, kwamba Jumatatu ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Jumamosi akairudisha dukani, safari hii bila wasindikizaji. Akamweleza muuzaji yote, mfululizo, bila kumeza mate, kilima, mtoto, shemeji, ng'ombe. Muuzaji alitandika gunia, akachukua ile ndogo, akailaza chini taratibu kama anayemlaza mgonjwa.

"Iinue," akasema.

"Mimi?"

"Kwani utakuwa unasafiri na mimi?"

Akamwonyesha namna. Ipe mgongo, chuchumaa, mkono mmoja usukani, mmoja keria, sukuma kwa miguu, usivute kwa kiuno, rudi nyuma hatua ndogondogo. Ikainuka. Yule mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha muuzaji akailaza ile kubwa, naye akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, haikuacha gunia. Wakabadilishana. Kijijini wenzake wakamwuliza kama hiyo inatumia betri.

Ikafika Jumatatu. Najua mnachongoja. Mnangoja niseme kwamba ile ndogo haikuanguka.

Ilianguka. Kona ya pili tu, kwenye kokoto, mama chini, pikipiki chini, kopo la chaki mtaroni. Akakaa pale anajipapasa, mikono yote ipo, miguu yote ipo. Akatazama huku na huku kutafuta mtu. Halafu akageuka, akaipa mgongo, akachuchumaa. Alifika shuleni kengele haijagongwa, tope mpaka sikioni.

Mwalimu mkuu akamtazama. "Umeanguka?"

"Nimeanguka, mwalimu."

"Nani kakuinua?"

Akaitazama miguu yake yenye tope, akacheka. Watoto wakaja mbio, wakamshika sketi, wakamvuta darasani.

Na sisi je? Sisi ahadi zetu kwa Mungu tunazichagua tukiwa na wasindikizaji. Ni mkesha, spika zimefunguliwa, tunaahidi kuamka saa tisa za usiku kila siku kuomba, kufunga mwezi mzima, kutomnunia tena mama mkwe maisha yetu yote, na watu wanaitikia amina. Siku ya nne ahadi imelala ubavu. Tunasimama kando yake tunangoja semina, tunangoja mhubiri mgeni aje atuinulie, na akishaondoka tu, chini tena. Nani alituambia Mungu anauliza ukubwa? Kuanguka tutaanguka, ndugu zangu, tusidanganyane. Chagua ile ambayo ikianguka Jumatano, Jumatano hiyohiyo, uko peke yako jikoni, mikono ina unga, mtoto analia, unaweza kuiinua kwa nguvu ya miguu aliyokupa Yeye. Sala ya maneno matano. Salamu kwa jirani mliyenuniana naye. Inatosha kukuvusha kilima.

Kwa hiyo leo sitaita mtu mbele, na mkono usinyooshwe. Kila mmoja afumbe macho hapohapo alipo, achague moja, ndogo, amtajie Mungu kimoyomoyo, amalizie hivi: Bwana, hii ni yangu na wewe, na sitamwambia mtu mwingine.