Bibi Fuko na Mikia ya Vinyonga

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale masika yalikaribia, na Mama Kware alikuwa na mayai saba chini, peupe. Wanyama wakaanza kumjengea kiota kuyazunguka.

Fundi alikuwa Kasuku. Wapagazi, vinyonga watatu. Mwenye mkia wa mkunjo mmoja alibeba udongo. Wa mikunjo miwili, majani. Wa mikunjo mitatu, sufi. Kasuku akiita "Mkunjo mmoja!", kinyonga huyo anakuja, mzigo unapachikwa, pa! Fundi hakagui mzigo. Hana nafasi.

Aliyegawa mizigo ni Bibi Fuko, kipofu. Anashika mkia, papasa papasa, anahesabu mikunjo, ndipo anatoa mzigo.

"Bibi, unatuchelewesha!" akasema Ngedere. "Mimi nina macho. Kapumzike."

Bibi akaenda zake. Ngedere akatazama rangi.

"Wewe wa kahawia, udongo! Wewe wa kijani, majani!"

Lo! Vinyonga na rangi, jamani! Wakipita majanini, wote kijani. Wakipita mchangani, wote kahawia. Kasuku anaita "Mkunjo mmoja!", kinyonga anakuja na sufi badala ya udongo. Pa! Pa! Pa! Ukuta ukalegea, puu! Yai moja likabingirika, bingiri bingiri, Mama Kware akalidaka kwa bawa.

"Watoto wangu!" akalia. Na mbingu nayo, ngurumo!

Ngedere mbio. "Shikamoo Bibi! Njoo, nimeharibu!"

"Marahaba. Wala sikulala, nilikuwa nakusubiri."

Bibi akarudi. Papasa papasa, udongo! Papasa papasa, sufi! Ukuta ukapanda. Ngedere, hakomi huyu, akaukunja mkia wake mkunjo mmoja, akauingiza katikati ya vinyonga. Bibi akaushika.

"Mkunjo ni sawa. Lakini manyoya haya? Toka, Ngedere!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mvua ikashuka, shaa! Hata tone halikuingia. Ilipokatika, pi! pi! pi! Vifaranga saba. Aliyecheza ngoma kuliko wote ni Ngedere, na machozi yanamtoka kwa furaha.

Basi, wakubwa kwa wadogo, usimpe mtu mzigo kabla hujajua umbo lake, rangi hudanganya. Hata mwilini mwako, sasa hivi, protini zinapapasa mikunjo ya RNA, mpagazi mdogo wa vipande vya kujengea mwili, kabla ya kuipa mzigo, na ndiyo maana umekaa hapo mzima, unacheka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyecheka sana aniletee maji, koo limekauka.