Mwiba wa Nungunungu na Kisu cha Ngedere

Paukwa!

Pakawa!

Na walioko jikoni waitikie. Pakawa!

Hapo zamani za kale, siku ya Alhamisi, saa nne kasorobo asubuhi, jua limeingia mlangoni hata likagusa figa la kwanza, Ngedere aliketi kuchonga miko. Swala alikuwa akimwoza binti yake, na pilau ya harusi haikorogwi kwa kidole. Ngedere hakuwa na mume. Mwanawe mchanga amemng'ang'ania tumboni, na mikono yake miwili ndiyo iliyokuwa shamba lake.

Aliyemnolea kisu ni jirani yake, mzee Nungunungu. Alikinoa, kwaru, kwaru, kwaru, hata kikanyoa jani. Lakini hakumpa mkononi. Alikiweka juu ya mkeka, mpini ukimwelekea Ngedere, kisha akautoa mkono wake.

Ngedere akaona amedharauliwa. Akauliza kama mkono wake unanuka.

"Haunuki, mwanangu," akasema Nungunungu. "Mimi nimezaliwa na makali mgongoni, nayajua. Kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Mmoja hukiweka, mwingine hukiokota."

Ngedere akacheka. Akamwambia kwamba ukoo wao hudaka mapera, hudaka matawi, hudaka watoto hewani. Basi kisu ni kitu gani?

Akachonga, kwecha, kwecha. Makali yalikuwa yakimjia kifuani. Nungunungu akamwonya, naye akayageuzia nje, shingo upande. Alipochoka, akakiweka kisu kwenye ukingo wa kinu. Mtoto akapunga mkia, ukakigonga. Kisu kikateleza.

Mkono wa Ngedere ukaruka kukidaka. Mikono ya ngedere haingoji shauri.

Nungunungu akasimama. Chwaa! Miiba ikatutumka. Kiganja kikaigonga, kikachomwa, kikarudi nyuma. Na kisu, chwap! kikashuka, kikalipasua boga lililokuwa chini hadi kwenye mbegu.

Ngedere alikuwa amekwisha kufungua kinywa amtukane. Akaliona boga. Akakitazama kiganja: tone moja la damu, na vidole vyote vipo. Akamkumbatia mwanawe.

"Chenye makali kikianguka, kiache kianguke," akasema Nungunungu kwa upole. "Wewe jiondoe. Kikitulia, kiokote."

"Ahsante, baba," akasema Ngedere. Alikuwa hajapata kumwita baba.

Miko ikachongwa, pilau ikaliwa. Lakini mwiko wa kwanza, wa mti wa mkwaju, Ngedere aliupeleka kwa Nungunungu. Hakumpa mkononi, ingawa mwiko hauna makali. Aliuweka juu ya mkeka, mpini ukimwelekea mzee, akautoa mkono wake. Nungunungu akauokota, akaushika kwa muda mrefu.

Funzo ni hili: kisu kiweke chini, mwenzio akiokote, ukichonga, makali yaende mbali na mwili, na kikianguka, usikidake. Na aliyekuchoma mwiba ili usikatwe, mshukuru.

Hadithi yangu imekomea hapo, na kisu kimerudi alani. Ila wapo wasemao kwamba ilikuwa usiku, na kwamba Nungunungu alimrushia Ngedere miiba kwa chuki. Si kweli. Ilikuwa asubuhi, kweupe, jua liko jikoni. Na nungunungu harushi miiba. Alisimama tu, baina ya mkono na kisu.