Waziri na Ada ya Choo

Ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Waziri wa Fedha wa kaunti, Mheshimiwa Mwandoe, alipowasomea akina mama wa Soko la Kisingeni habari njema za bajeti. Ada ya choo cha soko ilikuwa imepanda kutoka shilingi kumi hadi hamsini, kwa maendeleo yao. Pesa mkononi hazitapokewa tena. Kila mtu atalipa benki, kule mjini, kisha alete risiti.

"Nina watoto watatu, mheshimiwa," muuza nyanya alilia. "Faida yangu yote itaishia chooni!"

Mkamburi, muuza chai aliyetunza ufunguo wa choo hicho, alimnyamazisha. "Sisi tunaunga mkono, baba. Ianze leo leo."

"Huyu ndiye mwananchi!" Waziri alishangilia.

Mkamburi akammiminia chai ya tangawizi, akamwongezea, akamwongezea tena, huku akimsihi aeleze bajeti ukurasa kwa ukurasa. Waziri alieleza hadi saa saba, magoti yamebanana.

"Mama, ufunguo," alinong'ona.

"Risiti, mheshimiwa?"

"Shika mia mbili!"

"Pesa mkononi ni marufuku, umesema mwenyewe. Benki si mbali, saa moja tu kwa gari."

"Basi nimeifuta hiyo ada!"

"Semea kwenye kipaza sauti, baba. Wenzangu hawajasikia."

Waziri alisema, tena mara mbili, akanyakua ufunguo na kutimua mbio.

Asubuhi iliyofuata Mkamburi alipandisha bei ya chai yake kwa shilingi tano. Muuza nyanya alipolalamika, Mkamburi alimjibu, "Si umeona kazi ya chai hii?"