Nguchiro na Usajili wa Chapuchapu

Hapo zamani za kale, wanangu, kila bonde lilikuwa na timu yake ya mpira, na kila timu ilikuwa na mwenyekiti aliyejua kila kitu isipokuwa mpira.

Timu ya Bondeni iliitwa Kimbunga, na mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Alikuwa na tumbo, alikuwa na sauti, na alikuwa na dimbwi lake mwenyewe pembeni mwa uwanja, palipo na kivuli. Siku ya mechi hujitumbukiza, tubwi! Hubakiza pua na masikio. Filimbi ya kwanza ikilia, yeye tayari anakoroma: khooo! khooo! Akiamka huuliza, "Tumeshinda?"

Sasa, katika mashabiki wa Kimbunga alikuwapo Nguchiro. Mwili wake mwembamba kama mchi, macho makali, na mdomo, jamani, mdomo! Alikuwa akiuza karanga za kukaanga, lakini siku ya mechi hauzi hata moja. Huzitafuna zote mwenyewe kwa wasiwasi. Mvua inyeshe, jua liwake, Nguchiro yupo. Alijifungua mtoto siku ya Ijumaa; Jumamosi alikuwa uwanjani na mtoto mgongoni.

Mwaka huo Kimbunga walikuwa mkiani. Ilibaki mechi moja tu, dhidi ya Mwamba wa Mlimani. Wakifungwa, wanashuka daraja. Aliyekuwa akiwashikilia wasizame ni mmoja, Digidigi, winga wa kulia, mdogo wa mwili na mwepesi wa miguu.

Asubuhi moja Kiboko akaita mkutano uwanjani.

"Wanachama!" akanguruma. "Nimefanya usajili! Nimemleta Kifaru!"

Wanyama wakapiga makofi, pa pa pa pa! Kifaru akasimama, akainamisha kichwa kwa haya.

"Na kwa kuwa nafasi zimejaa," Kiboko akaendelea, "Digidigi tumemwacha. Winga gani mdogo hivyo? Akisimama kwenye nyasi haonekani!"

Makofi yakafifia. Mara sauti ikapasuka kutoka nyuma.

"Sikubali!"

Ni Nguchiro. Alikuwa amepanda juu ya jiwe.

"Mwenyekiti, swali. Kifaru atacheza namba ngapi?"

"Namba saba! Winga!"

"Kaka Kifaru, umewahi kucheza winga?"

Kifaru akajikuna sikio. "Mimi ni beki wa kati, dada. Nimewaambia tangu jana."

"Mmesikia!" Nguchiro akaruka. "Kifaru akishika kasi hageuki! Mpira utakata kulia, yeye atanyooka mpaka ukweni kwake! Lakini mwekeni nyuma, nani atapita pale? Ile ni nyumba! Na kama lazima kuacha mtu, mwacheni Kakakuona. Kipa gani akiona shuti anajikunja? Mechi iliyopita wapinzani walimpiga teke yeye wakidhani ndiye mpira!"

Watu wakaangua kicheko. Kakakuona akajikunja hapo hapo.

"Kakakuona ni mkwe wangu!" Kiboko akafoka.

"Ndiyo maana anadaka vile."

Uwiii! Kicheko kikazidi. Kiboko akapiga ardhi kwa mguu, puu!

"Kuanzia leo Nguchiro amefungiwa! Asiingie uwanjani, na asitoe maoni yoyote juu ya timu hii, mazuri wala mabaya. Kazi ya shabiki ni kupiga makofi!"

Nguchiro akashuka jiweni taratibu. Shingo yake ilisimama wima.

"Lango la uwanja ni lako, lifunge," akasema. "Lakini mimi nilikuwa Kimbunga kabla yako, na nitakuwa Kimbunga baada yako."

Akatoka nje. Hakugeuka nyuma.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Digidigi. Akamkuta anakunja jezi yake. Mama yake mzee alikuwa kando, anachambua mchicha.

"Nyati, mwenyekiti wa Mlimani, anakuja kunichukua leo," Digidigi akasema. "Anataka kuniandikisha kabla jua halijazama. Likizama, usajili umefungwa."

"Wewe unataka kwenda?"

"Sitaki, dada. Mama hawezi kupanda mlima ule. Tena nicheze dhidi ya nyumbani kwetu, niwashushe mimi mwenyewe? Lakini nisipocheza mpira, mimi ni nani?"

Mama akaacha kuchambua. Machozi yakamlengalenga.

Nguchiro akatembea huku na huku. Halafu akasimama ghafla.

"Hebu niambie. Kiboko amewahi kukutazama usoni?"

"Wapi! Siku ya kutugawia medali, yangu alimvalisha mbuzi aliyekuwa anapita."

Nguchiro akacheka mpaka akakaa chini, kwi kwi kwi! "Chukua mpira wako. Twende mtoni."

Huko mtoni akampaka udongo mwekundu kuanzia pua mpaka kwato. Akamfunga shungi la nyasi kichwani. Kisha akamwambia, "Vuka ng'ambo kwa kurukia mawe, udongo usioshwe. Ukiona vumbi linatoka mlimani, rudi upande huu, uchezee mpira karibu na dimbwi la Kiboko. Usiseme neno."

Yeye Nguchiro akaenda kukaa juu ya kichuguu, nje kidogo ya ua wa uwanja, jirani na lile dimbwi. Akatoa karanga zake. Katu, katu, katu.

Jua likaanza kuinama. Upande wa mlimani vumbi likatimka. Ti-ti-ti-ti-ti! Ardhi ikatetemeka, maji ya dimbwi yakacheza. Kiboko akaibuka, pwaa!

"Vumbi gani lile?"

Katu, katu, katu.

"Nguchiro! Si nakuuliza!"

"Nimefungiwa, mwenyekiti. Sina maoni."

"Sitaki maoni, nataka habari!"

"Habari ya mpira ikipita kinywani mwangu hugeuka maoni. Niache nile karanga zangu."

Ti-ti-ti-ti! Vumbi lilikuwa limekaribia. Kiboko akazunguka dimbwini mara mbili. Pua zilimpanuka.

"Haya, nimekufungulia! Sema!"

"Amesikia nani? Yupo katibu wa ligi?"

Korongo, katibu wa ligi, alikuwa mezani kwake langoni mwa uwanja, anasubiri majina ya mwisho. Kiboko akapaza sauti, "Korongo! Andika! Nguchiro amefunguliwa!" Korongo akaandika.

"Sasa ndiyo tunaongea," Nguchiro akasema, akijipangusa maganda. "Yule ni Nyati wa Mlimani. Anamkimbilia winga mmoja, jina lake la uwanjani Chapuchapu. Anamtaka kufa na kupona. Na Chapuchapu mwenyewe ndiye yule."

Kiboko akageuka. Akaona kiumbe chekundu chenye shungi kinatokea ng'ambo ya mto, kinapiga danadana: kichwani, begani, kisiginoni.

"Lo! Wa kutoka nje huyu?"

"Si umemwona anatokea upande gani?"

"Mbona mdogo?"

"Mdogo kweli. Basi mwachie Nyati."

"Nyati! Nyati amchukue mbele ya macho yangu?"

Shwaaa! Kiboko akatoka majini kama ukuta unaotembea, akatimua mbio mpaka kwa Korongo. Tumbo linacheza huku, linacheza kule. Mashabiki waliokuwa wanapita wakaja kuangalia kuna nini.

"Andika! Namsajili Chapuchapu!"

Korongo akafungua daftari polepole. "Nafasi zako zimejaa, mwenyekiti. Lazima umwache mmoja."

Ti-ti-ti-ti-ti!

"Mwache... mwache yeyote! Mwache Kakakuona!"

"Mkweo?"

"Andika, nimesema!"

Kiboko akaweka alama ya mguu wake. Mwekundu naye akaweka kwato yake. Korongo akaitazama ile kwato, akamtazama Nguchiro, akakohoa kidogo. Kisha akainua muhuri.

Pwaa!

"Kilichogongwa muhuri hakifutiki," akasema.

Hapo hapo Nyati akafika, povu mdomoni. "Wapi Digidigi? Nimemfuata Digidigi!"

"Umechelewa!" Kiboko akacheka, ho ho ho! "Winga wako nimeshamchukua. Digidigi huyo unayemtaka sijui alipo. Kamtafute majanini!"

Nguchiro akamkonyeza Digidigi. Digidigi akajikung'uta, purrr! Udongo ukaruka, shungi likaanguka.

Kisha umati wote ukalipuka: "Chapuchapu! Chapuchapu! Chapuchapu!"

Kiboko akabaki kinywa wazi. "Wa... wanamjua?"

"Ndilo jina tunalomwimbia msimu mzima, mwenyekiti," Nguchiro akajibu. "Ulikuwa umelala."

"Umenidanganya!"

"Neno lipi la uongo? Nimesema ni winga, ni winga. Nimesema Nyati anamtaka, muulize huyo hapo. Ng'ambo umemwona mwenyewe. Ulimwacha mchezaji ambaye hujawahi kumwona akigusa mpira!"

"Nitakufungia tena! Maisha!"

"Nifungie! Nitapanda kichuguu. Ukibomoa kichuguu, nitapanda mti. Timu hii haitakosa macho yangu!"

Kiboko akaja mbele, puu! puu! Nguchiro hakurudi nyuma hata unyayo. Lakini kabla Kiboko hajamfikia, kitu kikubwa kikasimama katikati yao. Kifaru.

"Mwenyekiti," akasema kwa upole, "tangu nifike hapa, huyu dada peke yake ndiye aliyeniuliza nacheza namba ngapi. Ukimfungia yeye, na mimi nafungasha."

"Na mimi!" akasema Digidigi.

"Na sisi!" umati ukaitikia. Hata Kakakuona akajikunjua, akasema, "Baba mkwe, mimi udakaji sikuutaka. Mashuti yananitisha."

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Akarudi dimbwini kwake kinyumenyume. Tubwi. Safari hii hata masikio hayakuonekana.

Jumamosi Kifaru alisimama nyuma. Washambuliaji wa Mlimani wakaja, du! wakarudi. Wakaja tena, du! Golini alisimama Nyani, kipa wa akiba, akadaka kwa mikono minne. Dakika za mwisho Digidigi akapenya chini ya tumbo la Nyati mdogo, beki wa Mlimani, chapu, chapu, akaukunja mpira kona ya mbali. Wavu, shwaa! Bao moja kwa bila, na Kimbunga wakabaki daraja lao. Mama Digidigi alirushwa juu mara tatu na mashabiki, akawa anapiga kelele wamshushe mzee wa watu.

Na Nguchiro? Filimbi ya mwisho haijapoa, alikuwa amesimama juu ya jiwe lake pembeni mwa uwanja, anamwambia kila mtu kwamba kiungo wa kati alipaswa kutolewa mapema, na kwamba atasema hivyo hivyo msimu ujao, apende asipende mtu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wanangu, na neno lake ni hili: anayelala mchezo ukichezwa asimfunge mdomo anayeutazama.