Nyekundu Ambazo Muuguzi Hakuziona

Ndugu zangu, wakulima na wachungaji wa mbuzi nimewatumikisha vya kutosha katika mifano ya mahubiri yangu. Leo nawapumzisha. Leo nina muuguzi mmoja na kompyuta yake. Na wewe unayetafuta mkao wa kusinzia pale nyuma, acha tu, maana hadithi hii inatisha na sitaki uamke katikati yake ukidhani ni ndoto.

Muuguzi huyu alikuwa peke yake kwenye zahanati ya mlimani. Mjini, kwenye hospitali kubwa, alikuwepo karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Kila Jumatatu asubuhi karani alimtumia muuguzi faili moja: jedwali la wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani, ambao wangemalizia dawa kule kule mlimani. Wengi wao walitakiwa kuchomwa sindano za pensilini. Sasa, wapo watu ambao mwili unaikataa pensilini. Ukimchoma mtu wa namna hiyo, koo linavimba, pumzi inakata, na kabla hujapata miwani yako ameshakwenda. Hao walikuwa na rangi nyekundu kwenye jedwali la karani. Mwenye nyekundu asichomwe, apewe vidonge vingine. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu.

Kompyuta ya karani ilikuwa mpya, na programu yake ya majedwali ilikuwa toleo jipya. Nyekundu zile hakuzipaka kwa mkono. Zilijipaka zenyewe, zikichota habari kwenye orodha nyingine. Kompyuta ya muuguzi ilikuwa ya msaada, toleo la zamani, ukiiwasha utafikiri inakoboa mahindi. Na toleo la zamani halijui rangi inayojipaka yenyewe. Likifungua faili, majina yote yapo, tarehe zipo, vijiji vipo, na kila mstari ni mweupe. Halikugoma kufungua, ndugu zangu. Lingegoma tungeshukuru. Lilifungua vizuri kabisa, ila kwanza lilileta kiujumbe kidogo kwenye kioo: faili hili ni la toleo jipya, baadhi ya vitu huenda visionekane, uendelee? Muuguzi alibonyeza ndiyo. Wewe ungebonyeza nini? Nani humu ndani amewahi kusoma kile kiujumbe mpaka mwisho?

Mtasema, si angempigia tu karani amweleze. Haya, rudini nyuma miezi michache. Palikuwa na semina mjini, na muuguzi alinyoosha mkono akasema kwa upole kwamba kwake mafaili mengine yanafunguka vibaya. Karani, mtu wa vichekesho kama baadhi yetu, akamuuliza, "Sista, hiyo kompyuta yako inatumia umeme au mkaa?" Ukumbi ulivunjika mbavu. Hata aliyekuwa anagawa soda aliweka kreti chini acheke vizuri. Muuguzi naye akacheka, maana angefanyaje. Lakini siku ile alijiapiza moyoni kwamba mkono wake hautanyooshwa tena.

Basi mafaili yenye nyekundu yalipoanza kuja, kila Jumatatu karani alipiga simu kuuliza kama faili limefika, na kila Jumatatu akajibiwa limefika, ahsante. Jumatatu ya tatu akauliza zaidi.

"Na nyekundu umeziona, sista?"

Hapo, ndugu zangu. Mlango wa kutokea ulikuwa hapo, umeachwa wazi. Muuguzi alitazama kioo cheupe, na masikioni akasikia ukumbi mzima ukicheka.

"Nimeziona, kaka. Ahsante."

Akakata simu, akajifariji kwamba hizo nyekundu zitakuwa za zahanati nyingine.

Jumatatu ya sita akaja mama mmoja, akakaa kwenye kiti, akapandisha mkono wa gauni. Muuguzi alilitafuta jina lake kwenye jedwali, akalipata, jeupe. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Yule mama alikuwa mwoga, anaongea mfululizo ili asiitazame sindano: habari za mvua, za mjomba wake, za kitanda cha hospitali. Kisha akasema, "Kule mjini walinichoma kidogo tu nikazimia. Wakaniambia nisiwe na wasiwasi, jina langu mnaletewa likiwa jekundu."

Sindano ikabaki hewani. Foleni nzima ilikuwa mlangoni, inatazama. Muuguzi akaiweka sindano mezani, akampigia karani mbele ya watu wote.

"Kaka, nilikudanganya. Sijawahi kuona nyekundu hata moja."

Safari hii karani hakupata utani. Lile jedwali angeweza kulihifadhi kwa toleo la zamani, akapaka nyekundu kwa mkono, kazi ya dakika tano. Wala asingeweza kusema hakujua. Aliambiwa, akachekesha watu.

Akafungua majedwali yote ya wiki zile, akamwomba muuguzi achukue daftari la sindano alizokwisha kuchoma. Karani anasoma jina lenye nyekundu, muuguzi analitafuta. La kwanza, hajaja. La pili, hajaja. Wa tatu alikuja siku dawa imeisha, akaambiwa arudi, hakurudi. La nne na la tano, hawajaja. La sita lilikuwa la yule mama, akaitikia mwenyewe pale kitini. La saba, la nane, hawajaja.

Lilipotajwa la tisa, kidole cha muuguzi kikasimama kwenye daftari.

"Sista," karani akaita. "Huyo wa tisa umempata?"

"Nimempata," muuguzi akasema. "Nilimchoma Ijumaa jioni, akaondoka hapo hapo. Jumamosi alitakiwa arudi. Hajarudi."

Naona mnavyonitazama. Mnataka niseme yule wa tisa yuko salama, alikuwa na harusi, atakuja kesho. Mfano ni wangu, nimeutunga mwenyewe, kumponya hakunigharimu kitu. Simponyi. Nikimponya mtatoka hapa mkale wali wenu kwa amani, na mimi sitaki mle kwa amani.

Maana sisi ndio hao. Kila wiki tunaletewa Neno, na kila wiki tunajibu limefika, ahsante. Tunalifungua, mistari imenyooka, yote myeupe, hakuna linalotukataza sisi chochote. Maonyo yote tunaona ni ya zahanati nyingine, ni ya yule jirani anayekunywa. Na huku mikononi tumeshika watoto, wake, waume, wazazi, tumevuta dawa, tunachoma.

Nanyi mlioelewa mapema, wenye toleo jipya, wenye maneno ya kuchekesha, msitazame pembeni. Ndugu yako aliponyoosha mkono akauliza swali uliloona la kijinga, ulimfanya nini? Hajanyoosha tena tangu siku hiyo. Unadhani ameshaelewa?

Leo hatutaitikia kwa pamoja. Leo nauliza, nani humu ndani kuna jambo la Mungu amekuwa akisema ameliona, na hajaliona? Anyooshe mkono. Na atakayecheka, mimi na yeye tutaonana nje.

Mnaogopa. Hata mimi naogopa. Lipo somo moja nimelihubiri hapa mara tatu, kwa sauti kubwa, na silielewi. Mkono wangu huu hapa.